Hapa Pana Kosa

Jela ya zamani, siku hizi makumbusho,
ilinipa kazi kiangazi nilichofeli mtihani mara ya pili:
kuandika vibandiko.
Kimoja kilikuwa na upana wa kiganja.
Jago Hocking, 1819, kondoo jike mmoja,
kisha kitenzi.
Nikaandika «hung».

Bi Morwenna Trethewey akabadilisha miwani,
akavaa ile ya kusomea makosa ya watu,
akachomoa penseli nyekundu kwenye fundo la nywele.
"Digory. Koti ndilo «hung».
Pazia, picha, paja la nguruwe buchani,
mlango kwenye bawaba zake: «hung», «hung», «hung».
Mtu aliyetiwa kitanzi kwa amri ya mahakama
ni «hanged». Amelizidi koti herufi mbili.
Hana kingine. Usimnyang'anye."

Nje, Cornwall yote ilikuwa inachuruzika.
Nikaandika upya, kisha upya tena,
maana wino ulivuja kwenye herufi ya mwisho.

Leo wote hupita mlango mmoja,
«hang» kwa «hang», koti na mwenye koti;
ukishavuka jana tu, njia panda:
huku vya kutundikwa, kule wa kunyongwa.
Nikaonja raha ya kujua, ile raha ndogo yenye meno.
Baani, mjomba Petrok alipofoka kwamba refa yule
alistahili kuwa «hung» kabla ya mapumziko,
nilimsahihisha mbele za watu.
Akasema, "Shika kitenzi chako,
niachie bia yangu."

Oktoba likaja sanduku kutoka darini kwa kasisi.
Ndani, chini ya risiti za mishumaa,
karatasi iliyokunjwa hadi ikatosha kufichwa kwenye kiatu,
wino umefifia ukawa rangi ya chai ya pili.
Loveday Hocking hakujua kuandika.
Jirani alimwandikia, naye mama akatia msalaba chini,
mkubwa, umetoboa karatasi.

*Jumanne mmemtundika Jago wangu.
Koti lake nalo mmelitundika kwenye msumari wa bawabu,
nimeliona.
Naliomba koti. Bado zima.
Mdogo wake litamfaa akikua.*

Mara mbili, «hung».
Mwana na koti, neno moja.

Bi Morwenna aliishika penseli juu ya sentensi ya kwanza.
Nilisubiri alama yake, ule mstari wenye kijimkia.
Hita ilikuwa inatoa sauti kama mtu anayetafuna karanga.
Sikugeuka kutazama kabati la kioo nyuma yangu,
mikono miwili ya sufu ya kahawia,
kiwiko cha kushoto kimetiwa kiraka
kwa uzi usiofanana.

Akairudisha penseli kwenye nywele, akakosea,
ikaanguka, ikabingiria chini ya meza.
Hakuna aliyeiokota.
"Inakili kama ilivyo."
"Na kitenzi?"
"Digory, nimesema kama ilivyo."
Kisha akaenda kuosha vikombe
ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Sasa vinakaa pamoja ukutani, kibandiko na barua,
«hanged» yangu safi, «hung» yake,
na koti katikati, bado kwenye ndoano.
Mei hii mwalimu mmoja kutoka Leicester,
kalamu tatu mfukoni, aligonga kioo kwa ukucha.
"Kijana, hapa pana kosa."

Nikamwambia ndiyo.
Pana.